Admirali John Byng: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maisha Yake, Vita vya Minorca na Kuuawa Kwake

Tarehe 14 Machi 1757, saa sita mchana, Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilimpiga risasi admirali wake lenyewe, juu ya sitaha ya manowari iliyokuwa imetia nanga katika bandari ya Portsmouth. Hakuwa msaliti. Hakuwa amesalimisha hata merikebu moja kwa adui. Majaji waliomhukumu walikuwa wameandika kwamba hakuwa mwoga, na wao wenyewe waliomba asiuawe. Sitaficha msimamo wangu katika majibu yanayofuata: Byng alikosea, tena kosa lenye gharama kubwa, lakini hakustahili kufa kwa ajili yake.

Byng alikuwa nani, na alitoka katika familia gani?

John Byng alizaliwa mwaka 1704 huko Southill, Bedfordshire. Baba yake, George Byng, alikuwa baharia mashuhuri aliyepanda hadi kuwa admirali na kupewa heshima ya Viscount Torrington. Huyo ndiye aliyezisambaratisha meli za Hispania katika Vita vya Cape Passaro, pwani ya Sicily, mwaka 1718. John aliingia jeshini mwaka huohuo akiwa na miaka 13, na vita hivyo alivishuhudia.

Kwa mtoto wa baba kama huyo njia ilikuwa imekwisha kufyekwa. Alipata uluteni mwaka 1723 na ukapteni mwaka 1727, kabla hajatimiza miaka 23. Mwaka 1742 alikuwa gavana wa Newfoundland, mwaka 1745 akaingia katika safu ya maadmirali, mwaka 1747 akapanda tena, na mwaka 1751 akawa mbunge wa Rochester. Hakuoa. Mwaka 1754 alijijengea jumba la fahari, Wrotham Park, kaskazini mwa London, kwa ramani ya msanifu Isaac Ware.

Hakuna ubaya katika maisha hayo, ila kuna pengo moja. Katika karibu miaka 40 ya utumishi, hakuwahi kuongoza kundi zima la manowari katika vita vikubwa. Mara ya kwanza ilikuwa Minorca.

Kwa nini Minorca ilikuwa na thamani kubwa hivyo?

Ni kwa sababu ya bandari ya Mahon, yenye kina kirefu na iliyojificha vizuri. Waingereza waliiteka Minorca mwaka 1708, na Mkataba wa Utrecht wa mwaka 1713 ukaithibitisha kuwa mali yao. Manowari zikikaa pale, ziliweza kuilinda biashara ya Uingereza katika Mediterania na kuichunga Toulon, kituo kikuu cha jeshi la majini la Ufaransa upande wa kusini.

Mlango wa bandari ulilindwa na ngome ya St Philip. Mwaka 1756 ngome hiyo ilikuwa na askari wasiofika 3,000, chini ya Jenerali William Blakeney, mzee aliyekwisha kupita miaka 80.

Serikali ilijua kwamba Wafaransa wanakuja?

Ilikuwa na habari za kutosha. Maandalizi ya Toulon hayakuwa siri, na onyo lilifika London zaidi ya mara moja. Lakini Waziri Mkuu, Duke wa Newcastle, na Lord Anson aliyekuwa mkuu wa Admiralty, ofisi iliyosimamia jeshi la wanamaji, walihofia zaidi kwamba Wafaransa wataivamia Uingereza yenyewe. Meli nzuri na mabaharia wazuri wakabakizwa nyumbani. Mediterania ikapewa kilichobaki, tena kwa kuchelewa.

Byng alikabidhiwa kazi hiyo Machi 1756 na kung'oa nanga mwanzoni mwa Aprili akiwa na manowari 10. Hazikuwa na mabaharia wa kutosha, na baadhi zilihitaji matengenezo. Jambo baya zaidi ni kwamba askari wa bunduki waliopangiwa manowari zake walishushwa, mahali pao wakapandishwa askari wa nchi kavu wa Kikosi cha Royal Fusiliers waliokusudiwa kuongeza nguvu ngomeni Minorca. Kwa maana hiyo, Byng akiwashusha askari hao ngomeni, manowari zake zingebaki pungufu ya watu mbele ya adui. Aliyebuni mpango huo alikuwa ofisini London, si baharini.

Wakati Byng bado yuko njiani, tarehe 18 Aprili, jenerali wa Ufaransa, Duke wa Richelieu, alishuka Ciutadella, upande wa pili wa kisiwa, na askari wapatao 15,000. Manowari 12 za Marquis de La Galissonnière zilimlinda.

Gibraltar kulitokea nini?

Byng alifika Gibraltar tarehe 2 Mei na kukuta habari kwamba Wafaransa wako kisiwani tayari. Alikuwa na amri ya kuchukua kikosi cha ziada kutoka kwa gavana, Jenerali Thomas Fowke. Fowke aliita baraza la maofisa wake, nao wakaamua kwamba kutoa askari ni kuidhoofisha Gibraltar bila faida, kwa kuwa Minorca haiokoleki tena. Byng hakubishana nao.

Tarehe 4 Mei aliandika barua kwenda Admiralty akilalamikia hali ya bohari za Gibraltar na kusema waziwazi kwamba haoni tumaini la kuiokoa ngome. Hapo ndipo kosa lake lilipoanza, kwa maoni yangu. Aliyoyaandika yalikuwa kweli kwa sehemu kubwa. Tatizo ni kwamba alianza kuhesabu hasara kabla hajaiona Minorca kwa macho, na wakubwa waliosoma barua hiyo wakapata picha ya mtu aliyekwisha kushindwa moyoni.

Vita vya tarehe 20 Mei 1756 vilikwendaje?

Baada ya kuunganisha na meli alizozikuta Gibraltar, Byng alikuwa na manowari 13 kubwa. Tarehe 19 Mei waliiona Minorca, na bendera ya Uingereza bado ilikuwa inapepea juu ya ngome. Alimtuma Kapteni Augustus Hervey na meli ya Phoenix awasiliane na Blakeney, lakini manowari za Wafaransa zikatokeza na ikabidi meli hiyo iitwe irudi. Ngome haikupata hata barua.

Kesho yake makundi mawili yalikutana. Waingereza walikuwa joshini, upande unakotoka upepo, kwa hiyo waliokuwa na hiari ya kushambulia ni wao. Byng aliiondoa manowari moja, Deptford, kwenye safu ili iwe 12 kwa 12, jambo lililomletea maneno mengi baadaye. Mpango wake ulikuwa na akili. Safu yake ingeteremka kwa mshazari, kila manowari ikimwelekea mwenzake wa upande wa pili, ili zote zifike karibu kwa wakati mmoja bila kumpa adui nafasi ya kuzipiga omoni zikiwa haziwezi kujibu.

Mpango huo ulitegemea manowari ya mbele kabisa, Defiance ya Kapteni Andrews, igeuze kuelekea adui. Andrews alienda sambamba na Wafaransa. Byng alipandisha ishara ya kumtaka ageuze kidogo, lakini mwelekeo haukubadilika kama alivyotaka. Mfumo wa ishara wa zama zile ulikuwa na bendera chache zenye maana chache, na hapakuwa na bendera ya kusema "nielewe ninachokusudia". Baada ya saa nane mchana Byng alichoka kungoja, akatoa ishara ya kushambulia.

Kikosi cha mbele cha Rear-Admiral Temple West kiligeuka na kumteremkia adui moja kwa moja. Kilipigwa vibaya, kwa sababu Wafaransa walilenga milingoti na matanga wakati Waingereza wanakuja kichwa mbele. Andrews aliuawa. Nyuma yao Intrepid ilikatwa mlingoti wake wa mbele sehemu ya juu, ikapoteza mwendo na kuziba njia. Waliofuata walilazimika kuzuia matanga yao wasigongane. Ramillies, manowari ya Byng mwenyewe, ilikwama nyuma ya msongamano huo, ikafyatua mizinga ikiwa mbali mno, kisha ikanyamaza kwa hofu ya kupiga wenzao.

Wakati huo La Galissonnière hakuwa na sababu ya kung'ang'ania. Kazi yake ilikuwa kulinda mazingira ya ngome, si kuzamisha Waingereza. Manowari zake zilijitenga kwa utaratibu zikateremka na upepo. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 40, Wafaransa karibu na idadi hiyo. Hakuna manowari iliyozama wala kutekwa.

Kwa nini Byng hakuvunja safu akawakimbilia Wafaransa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake linaonyesha jinsi mtu anavyoweza kunaswa na historia ya jana.

Mwaka 1744, katika Vita vya Toulon, Admirali Thomas Mathews aliwashambulia adui huku ishara ya kutunza safu ikiwa bado inapepea. Msaidizi wake Lestock, aliyekuwa na ugomvi naye, alibaki nyuma na kikosi chake kwa kisingizio kwamba ishara inasema tunza safu. Kesi zilipofunguliwa, Lestock aliachiliwa huru. Mathews aliyepigana alifukuzwa jeshini. Mmoja wa waliokaa katika mahakama hizo alikuwa John Byng.

Basi pale Minorca, kapteni wa Ramillies, Arthur Gardiner, alipomshauri apandishe matanga na kuteremka, Byng alimjibu akimtaja Mathews kwa jina. Alimwambia kwamba ishara ya safu iko juu, na kwamba yeye hataki kuteremka kana kwamba anakwenda kupigana na meli moja. Balaa lililompata Mathews, alisema, lilikuwa kutoshusha nguvu zake zikiwa pamoja, na yeye atajitahidi kuliepuka. Mahakama ilikuwa imewafundisha maofisa kwamba anayevunja safu hufukuzwa. Miaka kumi baadaye mahakama nyingine ikawafundisha kwamba anayeitunza huuawa.

Kama vita vilikuwa sare, kwa nini aliondoka?

Hapa simtetei. Tarehe 24 Mei aliita baraza la vita ndani ya Ramillies, akaweka mezani maswali matano. Je, kuwashambulia tena Wafaransa kunatoa tumaini la kuiokoa Mahon? Kama Wafaransa wasingekuwepo baharini, je, manowari peke yake zingeweza kuuondoa mzingiro? Je, Gibraltar haitakuwa hatarini ikiwa kundi hili litapatwa na balaa? Je, kushambulia katika hali tuliyo nayo hakutaihatarisha Gibraltar na biashara ya Mediterania? Je, haifai twende Gibraltar mara moja?

Yasome tena uone yanakoelekea. Kila swali linamshika anayejibu mkono na kumpeleka kwenye lile la mwisho. Hapakuwa na swali kama inawezekana kuzunguka karibu na kisiwa, kumsumbua La Galissonnière, kukata njia ya vyakula vya Richelieu au kungoja msaada. Maofisa wote walikubali, na kundi likarudi Gibraltar. Blakeney na watu wake walishikilia ngome hadi mwisho wa Juni, zaidi ya mwezi mzima baada ya Byng kuondoka, ndipo wakasalimu amri. Muda huo wote wa ustahimilivu wao ndio ushahidi mzito kuliko wowote dhidi yake.

Habari zilifikaje London?

Kwa mdomo wa adui. Ripoti ya La Galissonnière ilitangulia kufika, mwanzoni mwa Juni, nayo ilisema Waingereza wamekimbia. Bila kungoja maelezo ya Byng, Admiralty iliwatuma maadmirali Hawke na Saunders kwa meli ya Antelope wakachukue nafasi yake na ya West, na wenyewe warudishwe.

Ripoti ya Byng ilipofika baadaye mwezi huohuo, serikali iliichapisha katika London Gazette tarehe 26 Juni ikiwa imekatwakatwa. Iliondolewa sehemu aliyosema kwamba akipata manowari za ziada hatapoteza dakika kumtafuta adui na kupigana naye tena, na kwamba meli za Wafaransa zilikuwa safi chini na zenye mbio kuliko zake. Zilizoondolewa ni sababu za kurudi Gibraltar, na kilichobaki mbele ya msomaji ni mtu aliyerudi tu. Kitendo hiki kinanikasirisha kuliko hukumu yenyewe. Majaji walifungwa na sheria. Aliyeshika kalamu ya kufuta hakufungwa na kitu.

Wananchi walipokeaje?

Kwa ghadhabu. Sanamu za Byng zilichomwa moto katika miji mingi, nyimbo za kumkejeli zikauzwa mitaani, na Wrotham Park ikashambuliwa na umati. Inasimuliwa kwamba wajumbe wa jiji la London walipomlalamikia Newcastle, aliropoka kwamba Byng atashtakiwa upesi, atanyongwa moja kwa moja. Serikali ilikuwa na hofu, na hofu ya wakubwa hutafuta mtu wa kutolewa kafara.

Byng alishuka Uingereza mwishoni mwa Julai akijua anarudi kujieleza. Alikamatwa palepale. Mdogo wake Edward, aliyekuwa mgonjwa, alisafiri kwenda kumwona Portsmouth na akafariki kesho yake. Admirali alipelekwa Greenwich, katika hospitali ya mabaharia, akafungiwa chumbani hadi Desemba huku madirisha yamewekwa nondo.

Kesi iliendeshwaje?

Ilifunguliwa tarehe 27 Desemba 1756 ndani ya manowari St George, bandarini Portsmouth, chini ya Vice-Admiral Thomas Smith, na ilidumu mwezi mzima. Maofisa walihojiwa mmoja baada ya mwingine kuhusu upepo, umbali, ishara na matanga. Byng alijitetea mwenyewe.

Ushahidi wa waliosimama karibu naye ulikuwa wa namna moja. Lord Robert Bertie, kamanda wa wale Fusiliers, pamoja na Luteni Kanali Smith na Kapteni Gardiner, walisema hawakuona usoni mwake wala katika mwenendo wake dalili ya hofu au kuchanganyikiwa. Alitoa amri kwa utulivu, zikaeleweka, wala hakuonekana kupungukiwa na ujasiri. Mahakama iliyaingiza maneno hayo katika uamuzi wake.

Kama hakuwa mwoga, kwa nini alihukumiwa kifo?

Kwa sababu ya kifungu cha 12 cha Sheria za Vita, yaani sheria za nidhamu za jeshi la wanamaji, kama zilivyorekebishwa mwaka 1749. Kifungu hicho kilisema ofisa ambaye, kwa woga, uzembe au kutokuwa mtiifu, hakufanya kila awezalo kumteka au kumharibu adui au kuwasaidia wenzake, atakufa. Zamani mahakama iliweza kutoa adhabu nyingine. Marekebisho yaliondoa nafasi hiyo.

Chimbuko lake ni malalamiko ya haki kabisa. Mwaka 1745 luteni kijana, Baker Phillips, alijikuta akiongoza meli ya Anglesea baada ya kapteni wake kuuawa, akaisalimisha kwa Wafaransa meli ikiwa haina tena uwezo wa kupigana. Alipigwa risasi. Katika miaka hiyohiyo maofisa wakubwa wa Toulon walitoka na kufukuzwa tu, au kuachiliwa kabisa. Watu walidai sheria isiyomwangalia mtu cheo. Wakaipata, na wa kwanza kunaswa nayo kati ya wakubwa akawa Byng.

Tarehe 27 Januari 1757 mahakama ilitamka kwamba hakufanya kila alichoweza, ikakana woga, ikakana utovu wa utiifu, na hivyo ikabaki na uzembe tu, neno ambalo haikulitamka. Kisha majaji wakaandika barua kwa Admiralty wakieleza dhiki ya nafsi zao kwa kulazimika kumhukumu mtu kwa ukali wa kifungu kisichoacha mlango wa nafuu, wakaomba kwa sauti moja ahurumiwe.

Nani alijaribu kumwokoa?

Wengi, na baadhi kwa ujasiri mkubwa. Dada yake, Sarah Osborn, aliwaandikia wakubwa wa Admiralty. Rafiki yake Augustus Hervey alihangaika kila mlango. Admirali John Forbes, mjumbe wa Admiralty, alikataa kabisa kutia saini hati ya kumuua na kutoa sababu zake kwa maandishi. Wakati huo Newcastle alikuwa amekwisha kujiuzulu, na William Pitt aliyekuwa serikalini alikwenda kwa Mfalme George II akamwambia kwamba Baraza la Makabwela limeelekea kwenye huruma. Mfalme alimjibu kwamba Pitt mwenyewe ndiye aliyemfundisha kutafuta maoni ya wananchi mahali pengine, si barazani humo.

Jaribio la mwisho lilitoka kwa Kapteni Augustus Keppel, mmoja wa majaji na pia mbunge. Aliomba majaji wafunguliwe kiapo cha siri ili waeleze walichokuwa nacho moyoni walipohukumu. Hukumu iliyopangwa kutekelezwa tarehe 28 Februari ikaahirishwa. Baraza la Makabwela lilipitisha muswada kwa kura 153 dhidi ya 22. Baraza la Malodi liliwaita majaji, likawahoji mmojammoja, na wengi wao wakasema hawana jambo la kufichua. Muswada ukafa, na pamoja nao ukafa muda wa Byng.

Siku ya mwisho ilikuwaje?

Aliuawa ndani ya Monarque, manowari iliyokuwa imetekwa kutoka kwa Wafaransa. Siku chache kabla, rafiki mmoja wa kimo chake alisimama kando yake akajifanya anataka kujua nani mrefu zaidi. Byng alielewa mara moja. Akauliza sherehe hiyo ya nini, na kusema mtu aje tu ampime kwa ajili ya jeneza.

Siku hiyo upepo ulivuma kwa nguvu, na mashua zilijaa kuzunguka manowari. Byng alitaka kufa akiwatazama askari usoni. Marafiki walimsihi kwamba uso wake utawatetemesha vijana wale wakose shabaha, naye akakubali kufungwa kitambaa: kama itawaogopesha wao, alisema, na ifanyike, mimi wasingeniogopesha. Alikuwa amekabidhi karatasi iliyosema kwamba dakika chache zijazo atakuwa ameokoka na uadui wa wanaomtesa, na kwamba anaamini jina lake litatendewa haki siku za baadaye.

Alipiga magoti juu ya mto, akajifunga macho mwenyewe, akashika leso nyingine mkononi. Askari tisa walikuwa wamejipanga safu tatu. Alipoiangusha leso, safu mbili za mbele zilifyatua. Risasi tano zilimpata, moja ikapita pembeni. Kuanzia alipotoka chumbani hadi mwisho hazikupita dakika nyingi.

Alizikwa Southill, kanisani kwa familia yake. Maandishi ya kaburi yanasema alikufa shahidi wa mateso ya kisiasa, wakati ambapo ushujaa na utiifu havikutosha kulinda uhai na heshima ya ofisa wa majini, na kwamba tendo hilo ni aibu ya kudumu kwa haki ya umma.

Voltaire anahusikaje na habari hii?

Kwa njia mbili, na moja husahauliwa. Kesi ilipokuwa inaendelea, Voltaire, mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, alimpelekea Byng barua ya Richelieu, yule yule aliyeiteka Minorca, akishuhudia kwamba admirali huyo alipigana kwa heshima. Adui alikuwa mwungwana kuliko serikali yake. Miaka miwili baada ya kifo, katika riwaya yake Candide, Voltaire alimfanya mhusika wake ashuhudie kuuawa kwa admirali huko Portsmouth na kuelezwa kwamba katika nchi hii ni vizuri kuua admirali mmoja mara kwa mara ili kuwatia moyo wengine. Wafaransa na Waingereza wananukuu maneno hayo hadi leo.

Je, kifo chake kweli kiliwatia moyo wengine?

Wapo wanahistoria wanaosema ndiyo, kwamba baada ya 1757 hakuna ofisa wa Uingereza aliyethubutu kuonekana anasita, na ushindi wa Hawke huko Quiberon Bay mwaka 1759 hutolewa kama mfano. Mimi sikubali. Hawke huyo huyo alitoka kwenye safu mwaka 1744 pale Toulon akaiteka Poder, manowari ya Hispania. Mwaka 1747 aliwavunja Wafaransa karibu na Cape Finisterre. Alikuwa simba miaka 13 kabla Byng hajapiga magoti Portsmouth. Isitoshe Temple West, aliyeongoza kikosi cha mbele kwa ujasiri pale Minorca, alisema anaweza kuwajibika kwa uaminifu wake lakini si kwa kila kosa la uamuzi, na hakutaka kuendelea kutumika chini ya sheria ya namna hiyo.

Wahusika wengine waliishia wapi?

Blakeney alipewa ubaroni na kushangiliwa. Fowke alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi akasimamishwa mwaka mmoja, kisha mfalme akamfukuza kabisa. La Galissonnière hakufaidi ushindi wake, kwani alifariki Oktoba 1756 akiwa njiani kwenda kwa mfalme wake. Newcastle alirudi serikalini kabla mwaka 1757 haujaisha. Minorca yenyewe ilirudishwa kwa Uingereza mwaka 1763 kwa Mkataba wa Paris.

Ni kweli mayonezi ilizaliwa katika vita hivi?

Husimuliwa kwamba mpishi wa Richelieu aliibuni Mahon, na jina likatokana na mji huo. Ni simulizi tamu, lakini zipo simulizi nyingine kuhusu asili ya mayonezi zinazoshindana nayo.

Sheria ilibadilishwa? Byng amesamehewa?

Sheria ilibadilishwa mwaka 1779, ikairudishia mahakama uwezo wa kutoa adhabu nyingine badala ya kifo. Msamaha haujatolewa. Mwaka 2007, miaka 250 baada ya kuuawa, jamaa za ukoo wake waliomba asamehewe rasmi, na Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ikakataa. Nadhani ilikosea, na nadhani pia neno msamaha linapungua. Wanaolipigania jina lake wangefanya vizuri zaidi kudai serikali itamke kwamba ombi la majaji la mwaka 1757 lilipaswa kukubaliwa. Ombi hilo bado liko katika kumbukumbu za kesi, na hoja zake zinajitosheleza.